Visiki, Mbuzi na Magugu

Mkulima aliyekwisha kukata miti yake aghalabu hudhani ya kuwa msitu umekufa, na kwamba hapana dawa ila kungoja miche ya kupanda. Kwa maoni yetu hilo si kweli. Katika nchi kavu za Shinyanga na Dodoma visiki vingi vingali hai, na mizizi yake imekwisha kushuka mbali, ambako mche wa juzi hautafika upesi. Tazama shamba lako baada ya mvua za kwanza: visiki vimetoa machipukizi. Rudi baada ya miezi michache, hayapo. Mbuzi ameyala.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuwaondoa mbuzi kabisa. Kondoa ilifanywa hivyo mwaka 1979, mifugo yote ilipotolewa katika sehemu zilizoharibiwa na mmomonyoko. Majani na miti ilirudi. Lakini watu walikosa maziwa na samadi, hata mwaka 1989 wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wa kulishwa zizini. Mbuzi ni akiba ya maskini, huuzwa siku ya ugonjwa na siku ya kununua sare za shule. Shauri limtakalo mtu aitupe akiba yake halidumu.

Twaona desturi ya Wasukuma ni bora. Wao hufunga sehemu ya malisho, iitwayo ngitili, mvua zianzapo, na kuifungua wakati wa kiangazi, hasa kwa ndama na wanyama wazee au wagonjwa. Mwaka 1986, ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, zilikuwa zimebaki kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na miti mingi humo ilichipua yenyewe.

Basi anza na kipande kidogo uwezacho kukilinda. Katika kila kisiki chagua machipukizi matatu hata matano, yaliyo manene na yaliyonyoka. Mengine uyakate kwa panga kali, usiyang'oe, maana gome likichanika kisiki huoza. Matawi ya chini nayo uyapunguze, bali usipite nusu ya kimo. Machipukizi yaliyosalia hukua upesi, kwa kuwa maji yote ya mzizi ni yao. Lengo ni ncha ipite kinywa cha mbuzi asimamaye kwa miguu ya nyuma.

Kuhusu magugu twahitilafiana na wapendao kufyeka kila kitu. Majani marefu yaliyokizunguka kisiki yaondoe, kwani hunyang'anya maji, na kiangazi huuleta moto hata shinani. Lakini kichaka cha miiba kilichosimama kando ya chipukizi kiache. Hicho ni boma usilolilipia. Utakifyeka baadaye, mti ukiisha kumshinda mbuzi kwa urefu. Mapema kuliko hapo ni kumfungulia mlango. Na usichome moto kamwe: huua chipukizi lile lile ulilolilinda mwaka mzima.

Liko jambo moja lisilowezekana kwa mtu mmoja. Mbuzi wa jirani hawajui mpaka wako. Kabla ya mvua, nenda kwa majirani na kwa wazee, mpatane sehemu gani itafungwa, itafunguliwa lini, na mwenye mifugo itakayoingia atatozwa nini. Watoto wachungao waambiwe mapema, waonyeshwe mipaka kwa miguu yao.