Koili Moja Isiwagombanishe

Mwezi huu mambo ya chumbani tuyaache kidogo, tufungue boneti.

Jumamosi moja tulikuwa tunarudi Dar kutoka Bagamoyo, mimi, mzee na mtoto, ndani ya ka-IST ketu. Tulipofika Bunju gari ikaanza kumisi: inatetemeka, haivuti, taa ya injini inawaka na kuzima.

"Baba Ivan, tumwite fundi."

"Mama Ivan, hii koili tu, naijua."

Akafungua boneti injini ikiwa inaunguruma, akachomoa koili, akaisogeza kwenye chuma eti aone cheche. Nikasikia "Yalaa!" Mkono umerushwa, kiwiko kimegonga boneti, mtoto analia. Na mimi kwa hofu nikamporomoshea: "Unajifanya fundi!" Tulivutwa hadi nyumbani, hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Jamani, koili inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi maelfu kwa maelfu ili plagi itoe cheche. Umeme huo unarusha mtu, na kwa aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo ni hatari kubwa. Cheche ikikutana na mvuke wa petroli, ni moto. Hata koili na kompyuta ya gari vinaweza kuungua.

Kesho yake fundi alitufundisha njia salama. IST yetu ina injini ya 1NZ, yenye koili 4, kila moja juu ya plagi yake.

Kwanza, soma kodi kwa kifaa cha kupimia. P0301 ni silinda ya kwanza, ile ya upande wa mikanda. P0302 ya pili, na kuendelea. Iandike, kisha uifute.

Pili, zima injini, toa funguo, subiri ipoe. Chomoa soketi, fungua bolti kwa spana namba 10, halafu badilishana koili ya silinda inayomisi na ya jirani yake. Plagi usiziguse.

Tatu, rudisha kila kitu kibane vizuri, washa, soma tena. Yetu ilikuwa P0302, ikahamia P0303. Maana yake koili ndiyo mbovu, maana tatizo limehama nayo. Ingebaki P0302, tungeangalia plagi, nyaya na nozeli. Na ukikuta oili kwenye shimo la plagi, kagua sili za kava ya juu.

Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, usilazimishe safari. Petroli isiyoungua inaenda kwenye ekzosi na kuua masega, na bei ya masega siyo mchezo.

Tulinunua koili moja badala ya nne. Usiku mzee akaniambia, "Nilitaka tu mtoto aone baba yake anajua." Moyo ukalainika. Nikamwomba radhi kwa kumdhalilisha mbele ya huyo huyo mtoto.

Kaka, kusema "hii siijui" hakukupunguzii uanaume. Dada, hofu yako isitoke kama tusi. Gari itapata koili nyingine dukani, mwenzio je?

Tukutane mwezi ujao, mpendane!