Msitu wa Kilimambogo

Jumamosi iliyopita nilitoka Ruiru, nikapita Thika, nikaenda kuuzuru msitu wa Kilimambogo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967. Msitu ni mnene mno, na nyati walioupa mlima jina wangalimo. Nawasihi msithubutu kupanda kwa miguu bila askari wa wanyama. Njiani pana kaburi la Bwana William McMillan, aliyefariki mwaka 1925. Huko juu pana baridi na ukimya wa kuburudisha moyo.

Lakini chini ya mlima, penye maporomoko yaitwayo Fourteen Falls, mto Athi ulijaa povu na harufu mbaya. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, ninyi mkaao upande wa juu wa mto, mnatutupia nini humu?" Sikuwa na jibu, kwa maana maji ya Ruiru, pamoja na ya Nairobi, huishia humo.