Kumzika Mtu Mara Mbili

Mtu huzikwa mara ya kwanza kwa mchanga, na mara ya pili huzikwa kwa maneno. Maziko ya kwanza ni faradhi, hayana lawama. Ya pili ni dhuluma, na aghalabu hufanywa na watu wema, wenye huzuni ya kweli nyusoni mwao. Nataka kusema juu ya maziko haya ya pili, maana niliyashuhudia, nikanyamaza, na ukimya ule umenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Shangazi yangu alifariki Tanga mwaka 2019, umri wake umepita miaka 70. Siku ya hitima, baada ya dua na kabla ya pilau, mzee mmoja wa ukoo wetu alisimama akamsifu. Alisema marehemu alikuwa mpole, mtiifu, mtu asiyepata kuinua sauti mbele ya mwanamume. Kwamba alistahimili mitihani ya ndoa bila kunung'unika. Kwamba wanawake wa sasa wamtazame yeye wajifunze subira. Watu waliitikia kwa vichwa. Nami, mwenye shahada ya udaktari katika lugha ile ile iliyokuwa ikisingiziwa kazi hiyo, niliitikia pamoja nao.

Sasa zisikilizeni habari za mtu yule kama alivyokuwa.

Aliozwa angali msichana. Chuoni alikuwa ameihitimu Kurani, na kila alfajiri aliisoma. Lakini herufi za Kirumi hakuzijua, na kwa hiyo katika hesabu za serikali alikuwa mtu asiyejua kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa katika Tanzania kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya jioni yakafunguliwa. Alitaka kwenda. Mumewe alikataa. Alikuwa pia na cherehani ya miguu, na mumewe alikataa asishonee watu kwa malipo, ati majirani wasije wakasema bwana huyu ameshindwa kumlisha mkewe. Shangazi aliomba, akatuma wazee, akangoja miaka miwili. Subira anayosifiwa ilikuwapo, wala siikatai. Lakini ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ndio uliofichwa.

Mwisho wake ulikuwa khului. Sheria ya dini yetu humpa mke asiyeweza kuendelea na ndoa njia ya kujikomboa kwa kurudisha mahari. Siku ya siku, shangazi aliweka fedha juu ya mkeka mbele ya wazee akaihesabu kwa sauti, noti moja baada ya nyingine, fedha aliyoichuma kwa kushona mchana mumewe akiwa kazini. Ilipotimia akasimama, akamwita mchukuzi wa mkokoteni aliyekuwa akingoja nje, akamwambia, "Baba, anza na cherehani."

Cherehani ile ilishona sare za watoto wa shule kwa zaidi ya miaka 30. Ilinunua kiwanja, ikajenga nyumba ya vyumba vinne, ikalipa ada yangu ya shule baba yangu alipougua. Madarasa ya jioni aliyamaliza, na tangu hapo hakuna gazeti lililopita mikononi mwake bila kubishiwa. Aliolewa tena, kwa hiari yake, na mpishi wa melini aliyependa kumsikia akisoma, akaishi naye kwa raha mpaka kifo kilipowatenga. Edda ilipokwisha, ndugu walikuja kumchukua akae kwao, kwa kuwa mjane, walisema, hakai peke yake. Aliwapikia, akawalisha, akawasindikiza mpaka mlangoni. "Nyumba hii ina ufunguo mmoja," aliwaambia, "na mwenye ufunguo ni mimi. Mkija mchana, nitafungua."

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali wa ulimi, mgumu wa kusamehe deni, na aliyeharibu mshono mbele yake aliufumua wote. Lakini mtu huyu na yule aliyesifiwa hitimani hawajapata kukutana hata njiani.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba tumeagizwa kutaja mema ya wafu wetu na kuyafunika mengine. Naam, na mimi nakubali agizo hilo. Lakini nauliza: khului ni mema au ni maovu? Kama ni haki iliyowekwa na sheria, basi kuitaja si kumwaibisha marehemu. Na kama ni aibu kuitaja, basi aliyeaibishwa ni sheria, si shangazi. Hakuna njia ya tatu. Mtu hawezi kusema mimbarini kwamba dini ilimpa mwanamke haki tangu zamani, kisha akaja hitimani akamfuta mwanamke aliyeitumia.

Nitaambiwa tena kwamba hii ni heshima ya ukoo. Hapo tunakaribia ukweli. Heshima inayolindwa si ya marehemu, kwa sababu yeye hakuona haya kwa lolote alilofanya. Angeulizwa angelisema mwenyewe. Inayolindwa ni raha ya waliobaki. Mwanamke aliyejitegemea husumbua akiwa hai kwa maneno yake, na akifa husumbua kwa mfano wake. Maneno hukatwa na mauti. Mfano haukatwi, kwa hiyo hupakwa chokaa.

Wala jambo hili si la ukoo wetu peke yake. Litazameni katika fasihi yetu. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Shuleni hufundishwa kama kitabu cha utii: mke amfanyie mumewe hivi na hivi. Mimi mwenyewe nimeufundisha hivyo kwa miaka. Mara ngapi tumesimama mbele ya wanafunzi tukawaambia jambo lililo wazi zaidi, kwamba hapa kuna mwanamke wa pwani aliyekuwa na elimu, wizani na kauli, akamuusia binti yake kwa sauti yake mwenyewe? Tumeyashika mawaidha, tumemwacha mtungaji.

Mtazameni Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akaongoza wanawake wa TANU tangu 1955, akajaza viwanja kwa watu na masikio kwa maneno. Mwaka 1970 alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa 1972. Kisha ulifuata ukimya wa miaka. Leo ana barabara kubwa yenye jina lake katika mji aliozaliwa, na hilo ni jema; lakini barabara haisemi. Wangapi wanaopita juu yake waweza kueleza alisema nini na aligombana na nani?

Njia ya kufanya vizuri tunayo, tena tulionyeshwa na mwana wa Tanga hii hii. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Hakuona haya kuandika kwamba mwanamke yule alitoka shamba, kwamba aliuza vyungu, wala kwamba alipata jina kwa sauti yake mbele za watu. Mwaka 1928 Siti alisafiri mpaka Bombay kutia nyimbo zake katika sahani za santuri. Mwandishi angeweza kumgeuza bibi mtulivu wa uani, akapendeza wengi. Alimwacha alivyo, na kwa hiyo Siti yungali hai. Wangapi waliomfuata katika kazi hiyo? Tumetunga riwaya nyingi juu ya wanawake wasiopata kuwapo, na wale waliokuwapo tumewaachia wasemaji wa hitima.

Huenda mtu akasema: uongo mdogo wa kumfariji mfiwa una madhara gani? Nitamwonyesha. Mwaka jana binti mmoja wa ukoo wetu alirudi kwao. Mumewe alikuwa amemkataza kumaliza masomo ya uuguzi, mwaka mmoja tu ukiwa umesalia. Wazee walikaa. Yule yule aliyesema hitimani alimwambia binti yule, kwa upole mwingi, "Mwanangu, mkumbuke shangazi yetu. Alistahimili mengi kuliko haya, wala hakutoka nyumbani kwa mumewe." Hapo ndipo nilipoona kazi ya ule uongo mdogo. Walikuwa wamemfumua shangazi, wakamsokota kamba, wakamfunga nayo mjukuu wake.

Safari ile sikunyamaza. Niliinuka, nikaeleza habari ya mkeka, noti, na mkokoteni. Mzee alikasirika, akaniambia kwamba nimemvua nguo marehemu mbele za watu. Nilimjibu kwa adabu kwamba nimemrudishia zake, alizozishona mwenyewe. Binti hakusema neno. Kesho yake alikuja kwangu kuuliza jambo moja tu: mahari ile ilikuwa shilingi ngapi, na shangazi aliikusanya kwa muda gani. Sikujua. Katika miaka yote niliyolishwa na cherehani ile, sikuwa nimeuliza.

Hilo ndilo deni langu, na nadhani ni deni la wengi wanaousoma ukurasa huu. Shangazi zetu wako hai bado, wameketi vibarazani. Wanajua bei ya uhuru wao mpaka senti ya mwisho. Tuwaulize wakiwa na pumzi, tuandike walivyosema, tuwasomee wasahihishe. Wakifa, tuwazike mara moja.