Hewa ya Iten Haikimbii Mbio

Wasee, kila Mkenya akishinda marathoni lazima kuwe na mjuaji: "Ah, hao wamezaliwa milimani, ni hewa tu." Manze, tuachane na hiyo story.

Hewa ya Iten haina dawa. Oksijeni ni asilimia 21 huko, na ni asilimia 21 Mombasa. Tofauti ni presha. Iten iko kama mita 2,400 juu ya bahari, na presha ya hewa huko ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Kwa hivyo kila pumzi inaleta oksijeni kidogo, na misuli inachoka haraka. Toa mtu Likoni leo, kesho umkimbize Iten, uone vile atahema.

Ukikaa, mwili unajipanga. Figo zinatoa homoni inaitwa EPO, inaambia uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu zaidi za kubeba oksijeni. Lakini hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, si wikendi moja.

Kwa hivyo ndio, mlima unasaidia. Kushinda ni kitu ingine. La Paz kule Bolivia iko mita 3,600. Nitajie bingwa wa dunia wa marathoni kutoka huko. Hata Limuru imepita mita 2,000, na bado kuna watu wa Limuru wanahema wakifukuza matatu.

Kipchoge Keino aliposhinda mita 1500 Mexico City mwaka wa 1968, watu walisema ni vile mji uko juu, mita 2,240. Sawa. Mwaka wa 1972 akaenda Munich, mita 500 hivi tu. Akarudi na dhahabu ya kuruka viunzi na maji, na fedha ya 1500. Hiyo nayo ilikuwa hewa?

Hii story inaumiza watu. Kijana anaacha shule, anapanda Iten kungoja hewa imfanye bingwa. Miaka inaisha, hajashinda kitu. Halafu mtu anamletea EPO ya sindano: damu inakuwa nzito, moyo uko hatarini, na akishikwa, jina limeisha.

Kuna mtu anaamka gizani kila siku, mvua ama baridi, anamaliza kilomita zake. Siku ingine akishinda, sifu huyo. Mlima haujaamka mapema.