Majimbo mekundu na ya bluu: je, kura ya Mmarekani inafuata mfuko wake?

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, tunasikia habari za "majimbo mekundu" na "majimbo ya bluu". Mekundu ni yale yanayokipa ushindi chama cha Republican, ya bluu ni ya Democratic. Rangi hizi zilizoeleka tangu uchaguzi wa mwaka 2000. Swali linalotujia mara nyingi ni hili: je, matajiri wako upande mmoja na maskini upande mwingine?

Tuanze na kipato. Mwaka 2023, kaya ya katikati Massachusetts, jimbo la bluu, ilipata karibu dola 100,000. Kaya ya katikati ni ile ambayo nusu ya kaya zinaizidi na nusu ziko chini yake. Mississippi, jimbo jekundu, ilikuwa takriban dola 54,000. Ukiishia hapo utasema bluu ni utajiri. Lakini Texas ni jekundu, na uchumi wake ni wa pili kwa ukubwa Marekani baada ya California. New Mexico ni la bluu, na ni miongoni mwa majimbo maskini.

Mfuko peke yake hautoshi kueleza. Tazama West Virginia. Kwa miongo mingi wachimbaji wa makaa ya mawe na vyama vyao vya wafanyakazi walikuwa ngome ya Democratic. Bill Clinton alishinda huko 1992 na 1996. Mashine zikapunguza ajira migodini, baadaye ikaja gesi ya bei nafuu, na wengi wakazilaumu sheria za mazingira. George W. Bush akalichukua jimbo hilo mwaka 2000. Mwaka 2024 Donald Trump alipata huko takriban asilimia 70 ya kura.

Tofauti nyingine ni ya mjini na vijijini. Ndani ya Texas, wilaya za miji ya Austin na Dallas zilimpigia Kamala Harris. Ndani ya California, wilaya ya mashamba na visima vya mafuta ya Kern ilimpigia Trump.

Kwa mwananchi wa kawaida, rangi hizi zinagusa maisha. Kima cha chini cha mshahara cha taifa ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009, na ndicho kinachotumika Mississippi. California kilifika dola 16.50 mwaka 2025. Vilevile, mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliyaachia majimbo yaamue kama yatapanua Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato cha chini. Texas na Mississippi zilikataa.

Basi mbona watu wanahama California kwenda Texas? Nyumba. Kupanga au kununua California ni ghali mno, na Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo. Baada ya sensa ya 2020, Texas iliongezewa viti viwili bungeni, California ikapoteza kimoja. Idadi ya viti ndiyo huamua uzito wa jimbo katika kumchagua rais.

Kwa hiyo ndugu msikilizaji, ukisikia jimbo fulani ni jekundu au la bluu, jiulize pia: watu wake wanafanya kazi gani, nyumba ni bei gani, na wako mjini au shambani?