Benchi Chini ya Mwembe

Mwezi huu sikuletei somo la chanjo wala la uzazi. Nataka tutembee pamoja kwenye vibanda vya chakula vya mji wetu huu mdogo, na njiani nikuungamie jambo lililonikaa rohoni tangu mwaka jana.

Kwa wasioijua, Rutamba iko bara kidogo kutoka Lindi mjini, yenye ziwa lake na mikorosho kila upande. Wamwera ni wengi, lakini wamo Wamakonde, Wamakua na Wayao. Wapo pia ambao wazee wao walivuka kutoka Msumbiji baada ya vita vya ukombozi kuanza mwaka 1964, wakapokelewa hapa wakiwa wakimbizi. Kwa hiyo vyungu vya hapa ni vya watu wengi, na anayejua kula hakosi cha kula.

Mimi sikujua kula. Nimekuwa muuguzi zaidi ya miaka ishirini, na miaka yote hiyo niliwaambia akina mama kwamba chakula salama ni cha nyumbani tu. Vibanda vya mama lishe nilivipita haraka, mkoba kwapani, kama mtu anayekimbia mvua.

Mwaka jana kijana wangu wa pili aliugua homa ya matumbo. Jumamosi alikuwa amekula wali na maharage kwa mama mmoja anayepikia chini ya mwembe. Jumatatu homa ikapanda. Wiki ileile nilikuwa na zamu ya kufundisha usafi kwenye kikao cha akina mama kanisani, nami kwa uchungu wa mzazi nikasema, "Mwanangu amelazwa kwa sababu ya chakula cha pale mwembeni." Jina sikutaja. Lakini mwembe wenye benchi la kijani ni mmoja tu mjini.

Baada ya miezi miwili nikapita pale saa sita mchana, nikakuta mafiga yamepoa. Nikamwuliza jirani kama mama yule anaumwa. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Haumwi. Wateja wamemkimbia. Wanasema nesi kasema." Mama yule ni mjane, na jiko lile ndilo linalomnunulia binti yake wa kidato cha tatu sare, madaftari na sabuni.

Usiku ule sikulala. Si huruma peke yake iliyoninyima usingizi. Nilijua, na nilikuwa nimejua tangu chuoni, kwamba vijidudu vya homa ya matumbo haviangushi mtu kwa siku mbili. Kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mbili mwilini kabla homa haijaanza, na wakati mwingine zaidi. Mlo wa Jumamosi haungeweza kuleta homa ya Jumatatu. Asubuhi nikamwuliza kijana wangu alikuwa wapi wiki mbili kabla ya kuugua. Akasema walikwenda ziwani na wenzake kuvua, kiu ikawashika, wakanywa maji palepale. Mimi muuguzi sikuwa nimemwuliza swali hilo hata mara moja.

Mume wangu aliposikia alisema, "Mama, ulimi hauna mfupa. Utakwenda kuomba radhi. Lakini kabla ya kufundisha tena, nenda ukale huko unakokusema."

Basi kwa wiki tatu, nikitoka zamu, nilikaa kwenye mabenchi.

Nilianza na ming'oko. Ni viazi vyembamba vya porini, huchimbwa kiangazi, huchemshwa, huliwa kwa chumvi na pilipili. Nilidhani vitanidhuru kwa sababu huuzwa kando ya njia. Kumbe vimechemka na ganda lake, na mlaji mwenyewe ndiye anayemenya. Ukinawa mikono, umemaliza kazi ya usalama.

Mahali pengine nilikuta wali mzuri wenye harufu ya nazi, lakini ulipikwa alfajiri, nami nilifika saa tisa alasiri ukiwa vuguvugu. Hapo sikula. Mchele una vijidudu vinavyovumilia hata kuchemka, na wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Jambo hili hutokea hata nyumbani kwetu, mama, tunapoacha sufuria mezani tangu mchana hadi usiku.

Nilipokuta ugali wa muhogo kwa perege wa nazi, nilimwuliza mpishi muhogo wake ni wa namna gani. Akacheka. "Nesi, huu ni mchungu. Nimeumenya, nimeuloweka, nimeuanika ukakauka ndipo nikautwanga." Alinifurahisha. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri una sumu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa jirani wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo, maradhi yanayopoozesha miguu ghafla na kuiacha hivyo. Ukiwa na mashaka na unga wako, uchanganye na maji uwe mbichi, utandaze mwembamba kwenye chombo kipana, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike ugali siku hiyohiyo. Sumu iliyobaki huruka na hewa.

Dukani nako nilijifunza kufungua macho. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu nilizirudisha, hata kwa bei ya chini. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Kuiosha au kuikaanga hakuimalizi.

Wiki ya tatu nikaenda mwembeni. Jiko lilikuwa limewaka tena, ila sufuria ilikuwa ndogo. Mama yule amenizidi umri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, nesi. Leo umepotea njia?"

Nikaagiza wali na maharage. Nikaangalia. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye ndoo yenye kifuniko na koki. Vyombo viliosheka kwa sabuni, vikasuuzwa kwenye beseni la pili, vikaanikwa kichanjani. Wali ulifunikwa kwa kawa, na ulipokaribia kwisha aliinjika mwingine. Jikoni kwangu sikuwa na ndoo ya koki.

Nilipomaliza nikainama nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nilikosea, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Akaendelea kufuta meza. Kisha akasema, "Uliposema, ulisema mbele za watu. Mbona radhi unaninong'oneza?"

Sikuwa na jibu. Nililipa, nikaondoka.

Tunayajua sote maneno ya Mathayo sura ya 5 kuhusu kuacha sadaka madhabahuni na kwenda kwanza kupatana na ndugu. Sikuwahi kufikiri kwamba ndugu huyo angeweza kuwa mama wa Kiislamu mwenye jiko chini ya mwembe. Kikao kilichofuata nilisimama, nikaeleza kosa langu lote, pamoja na hesabu ya zile siku. Baadhi ya akina mama waliinamisha macho. Mmoja alisema nimejishushia heshima ya kazi. Huenda. Jumamosi ile tulikwenda saba kula mwembeni, na chakula hakikutosha.

Hajaniambia kwamba amenisamehe. Ananipakulia, ananiuliza habari za mtoto, nami naridhika na hilo kwa sasa.

Nawe, mama, kabla hujasema "chakula cha fulani kimeniumiza", hesabu siku kwanza, na uulize maji yalinywewa wapi. Ukifika kwenye kibanda, tazama mambo manne: maji ya kunawa na sabuni, chakula kinachotoa mvuke, kifuniko cha kuzuia nzi, na beseni la pili la kusuuzia. Ukiyakuta, kaa ule kwa amani. Usipoyakuta, mwambie mwenye jiko, taratibu, pembeni.

Tuonane mwezi ujao. Ndoo ya koki nimeshanunua.