Mwenye Siliaki Asikimbie Kila Chakula

Mgonjwa wa siliaki aishiye Bukoba au Muleba ana bahati moja: chakula chetu cha asili hakimdhuru. Ndizi, maharage, samaki wa ziwani na uji wa ulezi mtupu havina gluteni, ile protini ya ngano na shayiri inayouharibu utumbo wake mdogo.

Hata hivyo, wapo ambao huacha mkate na chapati, na bado tumbo likaendelea kuwasumbua. Huacha maziwa, kisha maharage, kisha karanga, hadi wakabaki na ndizi tupu na kuzidi kukonda. Ni vema ieleweke kwamba utumbo uliojeruhiwa hushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa; ukipona, pengine baada ya miezi mingi, mgonjwa huweza kuyanywa tena.

Mwaka 1924 Dakta Sidney Haas wa Marekani aliwalisha ndizi watoto wenye ugonjwa huu, wakapata nafuu, ikadhaniwa kwamba ndizi ni dawa. Mwaka 1950 Dakta Willem Dicke wa Uholanzi alionyesha kwamba adui alikuwa ngano.

Hivyo, ngano iachwe maisha, lakini baada ya kupimwa, si kabla. Vyakula vingine virudishwe kimoja kimoja, kwa ushauri wa daktari. Nao wenye mashine za kusaga tunawasihi: unga wa lishe uliochanganywa na ngano usiuzwe kama ulezi mtupu. Kwa mgonjwa huyu, hata kidogo hudhuru.